Siku moja maishani mwangu: HiAce ya kulala na taa zinazozima mlango ukifungwa

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua geti la gereji hapa Unga Limited, Arusha. Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni, dalili kwamba mchana jua litakuwa kali. Mimi ni fundi umeme wa magari. Siku nyingi kazi ni staata, altaneta na honi, lakini leo nimeweka gari moja tu, na nimelifikiria tangu juzi mwenyewe aliponielezea kwa simu.

Saa 2:00. Mama mwenye gari kaingia nalo. Ni Toyota HiAce iliyotolewa viti vyote vya nyuma, ikawekwa kitanda, sinki, friji ndogo na kuta za plaiwudi. Huwa anaikodisha kwa watalii wanaopenda kujiendesha na kulala ndani ya gari. Darini kumebandikwa mikanda miwili ya LED, kulia na kushoto, kila mmoja mita 4. Haikuja na gari, imefungwa baadaye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Fundi, mkanda nimebadilisha mara mbili, huu hapa wa tatu. Nibandikie tu, wageni wanaondoka keshokutwa."

"Nivumilie kidogo. Unaozima ni upande gani?"

"Kulia. Wakifunga mlango wa nyuma kwa nguvu, giza. Wakipiga dari kwa kiganja, unarudi."

"Na injini ikiwa inaunguruma?"

"Hapo unawaka kupita kiasi, halafu unachezacheza."

Maswali hayo mawili yana thamani kuliko vifaa vyangu vyote. Taa inayobadilika gari likitikiswa ina maungio mabovu. Taa inayobadilika injini ikiwashwa, iangalie volti. Nikajua nina magonjwa mawili ndani ya gari moja, na mkanda mpya usingeponya hata moja.

Saa 2:40. Naanza na betri ya pili, ile iliyo chini ya kitanda inayolisha taa na friji. Mita inasoma volti 12.7, imejaa vizuri. Nachomoa mkanda wa kulia na kupima kwenye nyaya zake: 12.7 vilevile. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea. Wanaona volti zimetimia, wanasema umeme unafika, basi mkanda umekufa. Lakini waya ambao hausukumi mkondo wowote hauonyeshi udhaifu wake. Ni sawa na bomba lililoziba nusu: ukilifunga mwishoni, presha unaikuta, ukilifungua, maji yanachuruzika.

Kwa hiyo naurudisha mkanda, nawasha taa zote, napima zikiwa zinawaka. Betri imeshuka kidogo, 12.6. Kushoto napata 11.6. Kulia 8.9, na mkanda unang'aa kama kaa linalokufa. Volti 3.7 zimeliwa njiani. Na nani?

Namwambia kijana wangu, "Dogo, ncha nyekundu weka kwenye hasi ya mkanda, nyeusi kwenye hasi ya betri. Usizime taa."

"Mbona zote hasi, fundi? Si itasoma sifuri?"

"Ingetakiwa iwe karibu na sifuri. Soma."

"Tatu nukta mbili."

Yaani volti 3.2 kati ya zile 3.7 zinapotelea kwenye njia ya kurudi, kwenye ethi, yaani bati la bodi ya gari linalorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Iliyobaki, nusu volti, iko upande wa chanya. Naupenda sana umeme kwa hili: ukipima vizuri, hesabu inafunga yenyewe, huhitaji kubahatisha.

Saa 4:00. Chai na chapati, haraka haraka.

Saa 4:20. Natoa ethi ya betri kwanza, ndipo naanza kufungua plaiwudi. Nyuma yake, juu ya mlango, nakuta waya wa hasi umefungwa kwenye mbavu ya dari kwa skrubu ya mbao. Rangi ya gari haikukwanguliwa. Skrubu imeshika bati kwa meno mawili tu ya uzi wake, imezungukwa na kutu, na naizungusha kwa vidole bila bisibisi. Kila mlango ulipofungwa, skrubu iliruka. Halafu fikiria barabara ya vumbi ya kutoka Ngorongoro kushuka Serengeti, ile yenye mawimbi kama bati, saa nzima gari linatetemeka. Mgeni anafika kambini usiku, fisi analia pembeni, na taa hana. Aliyefunga hii alitakiwa atumie dakika tano za msasa. Inaniuma, kwa sababu aliyelipia dakika hizo ni mama, kwa mikanda miwili aliyoitupa ikiwa mizima.

Upande wa chanya nakuta kile kiunganishi cha plastiki ya bluu kinachobanwa kwa koleo, chenye bati la ndani linalochana ngozi ya waya. Nakifungua. Waya wenyewe ni wa milimita 0.5 za mraba, una nyuzi 16. Zilizo nzima nazihesabu: 4. Nyingine zimekatwa na lile bati, na shaba imeota ukijani kwa unyevu, maana watu wakilala ndani ya gari pumzi yao inageuka maji kwenye bati la dari.

Lakini kilichonitisha kiko kwenye betri. Waya huo mwembamba umetoka moja kwa moja kwenye chanya bila fyuzi. Ungechubuka ukagusa bodi ya gari, betri ingeumwagia mkondo wake wote mpaka ngozi iwake, juu yake kukiwa na godoro na watu wamelala. Nikamwita mama aje aone kwa macho yake. Alinyamaza muda mrefu.

"Badilisha vyote," akasema.

Saa 7:00. Wali maharage kwa mama ntilie. Mezani namfundisha kijana hesabu: kila mkanda ni wati 4.8 kwa mita, mita 8 jumla ni wati 38, ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 3.2. Kwa hiyo fyuzi ni ampea 5, na inakaa karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya.

Saa 8:00. Tunatandika waya wa milimita 1.5 za mraba, chanya na hasi, kwenda na kurudi mpaka betri, bila kutegemea bodi. Kwa mita 6 kwenda na 6 kurudi, ule mwembamba ungekula volti 1.3 hata ukiwa mpya, huu haufikishi nusu. Kila ungio tunalehemu, tunavika mpira unaosinyaa kwa joto, na waya tunaufunga kwenye mbavu usining'inie. Panapopita kwenye tundu la bati naweka mpira wa kulinda kingo.

Saa 10:30. Nawasha. Kulia na kushoto sawasawa. Nawasha injini, na kuchezacheza kunarudi, vikundi vya taa tatutatu kulia. Napima: 14.3. Altaneta inachaji betri zote mbili kupitia rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, kama inavyopaswa.

Ndani ya mkanda wa volti 12, taa tatu zimepangwa mstari mmoja na kirezista kimoja, kidude kinachozuia mkondo usizidi. Taa zinachukua kama volti 9.6, kirezista kinabaki na 2.4. Ukipeleka volti 14.4, kirezista kinabebeshwa 4.8, kwa hiyo mkondo unakaribia kuwa mara mbili. Joto linapanda, na mkanda umebandikwa juu ya plaiwudi, hauna pa kulipeleka. Nikabonyeza kikundi kimoja kwa kijiti, kikatulia. Nikakiachia, kikaanza tena. Vitatu vilikuwa hivyo, vimeungua viungo kwa joto.

Nikamwambia mama wazi kwamba asubuhi nilikuwa nadhani mkanda ni mzima wote, kumbe sehemu yake imeshaumia. Nikakata sentimita 15 za ule mkanda wake wa tatu, kwenye alama za kila sentimita 5, nikalehemu mahali pa vile vibovu. Kisha mikanda yote nikaihamishia kwenye reli za aluminiamu, na baada ya fyuzi nikafunga kisawazishi kinachotoa volti 12 tu, injini iwake isiwake.

Saa 1:15 usiku. Giza limeingia. Kijana anafunga mlango wa nyuma kwa nguvu mara kumi. Tunazunguka Unga Limited juu ya matuta na mashimo, mimi nimelala chali kitandani nyuma, macho kwenye dari. Hakuna kilichocheza. Mita inasoma 12.0 injini ikiwaka, 12.0 ikizimwa.

Mama akapanda, akaketi pembeni ya sinki, akasoma risiti yangu yote chini ya taa, mstari kwa mstari. Nikamkunjia mkanda uliobaki nikaurudisha kwenye mfuko wake. Halafu nikaandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha betri, "Fyuzi ya taa, ampea 5", nikabandika mbili za akiba pembeni ya maandishi.