Singapore Baada ya Machweo: Jinsi Tunavyoipanga Safari Yetu ya Familia Kutoka Lubumbashi

Kwetu Lubumbashi mtu akisema anakwenda Asia, wasikilizaji hudhani mara moja kwamba anafuata bidhaa, kwa kuwa Dubai na Guangzhou tumezijua kama masoko kabla ya kuzijua kama miji. Shemeji yangu, alipopata habari kwamba tunawapeleka watoto Singapore wakati wa vakansi kubwa, aliuliza kwanza kama mzigo utakuja kwa meli au kwa ndege. Hakuna mzigo utakaokuja. Tunakwenda kutembea na kutazama, kwa siku chache tu ambazo kazi yangu na mfuko wetu vinaruhusu, na tumeichagua Singapore kwa sababu mji huo ni nchi nzima yenye eneo la kilomita za mraba 735 hivi, eneo linalokaribiana na la jiji letu wenyewe, hivi kwamba familia yenye mtoto mdogo inaweza kuuzunguka kwa treni ya mjini na kurudi kulala kwenye kitanda kilekile kila usiku.

Nimesoma ratiba nyingi za wasafiri waliotutangulia, na karibu zote huanza kwa kifungua kinywa saa 2 asubuhi, zikaendelea na matembezi ya miguu hadi adhuhuri, halafu makumbusho, halafu maduka, na jioni watoto hurudishwa hotelini wakiwa wamechoka kabisa. Ratiba kama hizo huenda zinawafaa watu wa Jakarta au Manila, lakini hazimfai mtoto aliyetoka Katanga juzi. Singapore iko mbele yetu kwa saa sita, maana yake saa 2 asubuhi ya kule ni saa 8 za usiku mwilini mwa mwanangu, naye akiamshwa wakati huo atalia mpaka jirani wa chumba cha pili agonge ukuta. Kwa upande mwingine, saa 1:45 usiku ya Singapore ni saa 7:45 mchana ya Lubumbashi, wakati ambapo watoto wangu huwa na nguvu za kupanda juu ya meza. Ukiongeza kwamba sisi tunaishi kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na tutaondoka katikati ya baridi ya kiangazi, tukielekea kisiwa kilichoko nyuzi moja na kidogo tu kaskazini mwa ikweta, usawa wa bahari, ambako joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 na hewa imejaa unyevu mwaka mzima, utaona kwamba saa na jua vinatuelekeza upande mmoja. Basi tumeamua kwamba siku za mwanzo tutaishi usiku: watoto watalala hadi watakapoamka wenyewe, adhuhuri tutakuwa mahali penye paa, na matembezi yenyewe yataanza jua likikaribia kuzama, yaani baada ya saa 1 jioni, kwa kuwa kule machweo hayabadiliki sana kati ya mwezi na mwezi.

Bahati nzuri ni kwamba mji huo una mambo mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya usiku, na sehemu yake ni ya bure. Jioni ya kwanza tutakwenda Gardens by the Bay, bustani iliyofunguliwa mwaka 2012 kwenye ardhi iliyofukiwa baharini. Humo imesimamishwa miti ya chuma na saruji, mirefu kati ya mita 25 na 50, ambayo imevikwa mimea hai kuanzia chini hadi juu, na kila usiku saa 1:45, kisha tena saa 2:45, taa zake huwaka na kuzimika kwa kufuata muziki. Hakuna kiingilio kwa anayetazama kutoka chini; watu hulala chali kwenye sakafu, na mimi nimeshamwambia mama watoto afunge kitenge kimoja cha ziada kwa kazi hiyo. Majumba mawili ya vioo yaliyo karibu yanalipiwa. Tutalipia moja tu, lile liitwalo Cloud Forest, kwa sababu ndani yake kuna mlima wa mimea na maporomoko ya maji ya mita 35, na pia kwa sababu ndani ya vioo hivyo kuna ubaridi ambao watu wa Lubumbashi tutakuwa tumeukumbuka sana kufikia saa hiyo.

Hoteli maarufu ya Marina Bay Sands, ile yenye minara mitatu na kitu chenye umbo la jahazi juu yake, inaonekana vizuri kutoka hapohapo. Bwawa lake la juu ni la wageni waliolala humo peke yao, na bei ya kulala humo haihusiani na familia yangu. Tutaitazama kwa nje, na picha itatoka vilevile.

Usiku unaofuata umewekewa Night Safari, bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1994 huko Mandai, kaskazini mwa kisiwa, ambayo ilikuwa ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kutazama wanyama wa usiku. Baba mkwe wangu alicheka aliposikia, akauliza inakuwaje mtu wa nchi yenye mbuga za Upemba na Kundelungu avuke bahari kwenda kutazama wanyama waliofungiwa. Nilimjibu kwa heshima kwamba chui tunao, lakini chui-milia hayupo popote katika mapori ya Afrika, wala tembo wa Asia, wala tapiri wa Malaya, mnyama mwenye mwili mweusi na mgongo mweupe ambaye binti yangu amemchora mara nyingi kutoka kitabu cha shule na anasubiri kumwona. Tiketi hununuliwa mapema kupitia intaneti na huwa na saa ya kuingia. Gari dogo linalowazungusha wageni gizani limo katika bei hiyohiyo, jambo linalomfaa mtoto asiyependa kutembea. Kwenda huko tutapanda treni hadi kituo cha Khatib, kisha basi.

Kuhusu treni hiyo, wenyeji huiita MRT, nayo ilianza kazi mwaka 1987. Abiria hagombani na mtu kuhusu nauli: unagusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard kwenye lango unapoingia na unapotoka, ila kila mtu awe na kadi yake, kwa hiyo baba na mama hawawezi kupita kwa kadi moja. Mtoto asiyefika urefu wa sentimita 90 hupita bure akiwa na mtu mzima. Ndani ya behewa hairuhusiwi kula wala kunywa, hata maji, na tangazo la faini ya dola 500 za Singapore limebandikwa wazi. Mkitumia teksi ya kawaida hamdaiwi kiti cha mtoto, lakini magari binafsi yanayoitwa kwa simu yanadaiwa kiti hicho kwa kila mtoto aliye chini ya mita 1.35, na dereva ana haki ya kuwaacha barabarani.

Adhuhuri, jua likiwa kali, tutakuwa kwenye vibanda vya chakula vya pamoja, vile vinavyoitwa hawker centre, ambavyo utamaduni wake uliandikwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi usioshikika. Ni ukumbi mmoja wenye paa, majiko kadhaa pembeni na meza katikati, ambapo Mchina, Mmalaya na Mhindi wanapika karibu karibu na kila mteja anakula anachotaka. Ukiona pakiti ndogo ya karatasi za kupangusia mikono juu ya meza tupu, usiiondoe: mwenyewe yuko kwenye foleni na ameshaiweka meza yake. Ukimaliza kula, unarudisha sinia mwenyewe, kwani tangu mwaka 2021 kuiacha mezani ni kosa. Sina wasiwasi kuhusu chakula cha watoto. Bukari (ugali wetu) na sombe (kisamvu) hawatavipata, lakini wali na kuku wa kuchemsha, ambao ni chakula cha kila siku cha mji ule, utawatosha, na jioni moja tutakwenda Lau Pa Sat, soko la zamani la nguzo za chuma ambalo barabara ya pembeni yake hufungwa kwa magari ili wachoma mishikaki ya satay watoe viti. Moshi ule utawafanya wadhani wamefika kwenye michopo, nyama choma ya mtaa wetu wa Kamalondo. Maji ya bomba yananyweka popote, kwa hiyo tutabeba chupa tupu. Kwa mtu anayeishi mtaa ambao bomba hukohoa hewa nusu ya wiki, hilo peke yake ni kivutio cha utalii.

Kuna mahali pawili ambapo sikupaona katika ratiba za wengine na nimepaweka kwa makusudi. Pa kwanza ni Toa Payoh, mtaa wa nyumba za serikali ulioanza kujengwa miaka ya 1960, baada ya shirika la nyumba HDB kuundwa mwaka 1960. Wakazi wengi mno wa Singapore wanaishi katika maghorofa ya aina hiyo, na mimi niliyekulia katika kambi ya wafanyakazi wa migodi nataka kuona mji unaojenga nyumba za wafanyakazi kisha ukaendelea kuzipaka rangi. Watoto hawatajali historia hiyo, lakini hapo pana uwanja wa michezo wenye joka kubwa la vigae, lililojengwa mwaka 1979, ambalo wanaweza kulipanda na kuteleza bila kulipa chochote.

Pa pili ni Botanic Gardens, na hapo ndipo nitakapotumia asubuhi pekee ya safari nzima, siku za mwisho, miili ikiwa imeshazoea saa za kule. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1859, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, hufunguliwa saa 11 alfajiri, na kiingilio hulipwa kwenye sehemu ya maua ya okidi tu. Mkongomani ana sababu yake ya kufika hapo. Mwaka 1877 ililetwa miche ya mpira wa Brazil kupitia bustani ya Kew ya London, na Henry Ridley, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani kuanzia mwaka 1888, ndiye aliyetafiti namna ya kugema utomvu bila kuua mti, kisha akawasihi wenye mashamba ya Malaya waupande. Wakati huohuo, katika Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, watu wetu walikuwa wakilazimishwa kuutafuta mpira kwenye mitambaazi ya msituni, kwa mjeledi na kwa kukatwa mikono. Mashamba ya Asia yalipoanza kuvunwa kwa wingi, mwanzoni mwa karne ya 20, mpira wa msitu ulikosa nafasi sokoni. Mwanangu mkubwa amesoma habari za Leopold darasani, na ningependa asimame mbele ya mti wenyewe tukiongea jambo hilo, kabla ya wadogo zake kuomba aiskrimu.

Makaratasi nayataja kwa haraka, ila yasipuuzwe. Kwa kuwa tunatoka nchi yenye homa ya manjano, kila aliyezidi umri wa mwaka mmoja lazima awe na kadi ya chanjo, nayo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa wiki ya safari hajakidhi sharti. Tulipozipanga kadi zetu mezani kando ya pasipoti, tulikagua herufi kwa herufi, maana sisi Wakongomani tuna majina matatu na kila karani huyapanga anavyopenda. Jina la kwenye tiketi, kadi na pasipoti liwe moja. Fomu ya kuingia nchini hujazwa kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya Singapore ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni bure. Tovuti inayodai malipo kwa fomu hiyo ifungeni. Masharti ya viza yasomwe hapohapo, yasiulizwe kwa majirani. Ubani wa kutafuna ubaki Lubumbashi, kwani kuuingiza kumekatazwa tangu mwaka 1992, na sigara za kielektroniki nazo zimekatazwa. Chaja zetu za pini mbili za duara zitahitaji adapta, kwa sababu soketi za kule ni za Kiingereza, zenye matundu matatu bapa.

Siku ya kuondoka tutatoka hotelini mapema na kumalizia saa zetu ndani ya Jewel, jumba la vioo lililofunguliwa mwaka 2019 kwenye uwanja wa ndege wa Changi, ambamo maji humwagika kutoka darini kwa kimo cha mita 40. Mizigo itakuwa imeshapokelewa, mvua ya alasiri haitatugusa, na ndege ya kutuleta Addis Ababa itakuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Jambo moja mimi na mama watoto bado hatujakubaliana. Yeye anataka siku nzima Universal Studios, kisiwani Sentosa; mimi naona kwamba tiketi za familia yetu kwa siku hiyo moja zingelipa milo yote ya safari, na kwamba foleni za juani saa 7 mchana ni kinyume cha kila nilichoandika hapa juu. Tumeahirisha uamuzi mpaka mshahara wa mwezi wa sita uingie, na kura za watoto hazitahesabiwa, maana tunajua zote zitaangukia wapi.