Binti wa miaka 17 ndani ya nyumba ya Milan

Jamani, hapa Boston kuna makumbusho moja miaka yote nilikuwa napita tu nje nikienda kazini nikijua ni ya matajiri, wiki iliyopita nikapata ofu nikaingia, na toka siku ile nasoma tu habari za huyo mama aliyeijenga, Isabella Stewart Gardner, hasa ujana wake.

Kazaliwa New York 1840, baba yake David Stewart alitajirika kwa biashara ya vitambaa vya kitani kutoka Ireland. Binti alipofika miaka 16 wazazi wakahamia Paris wakamuweka shule huko, na huko ndo akafahamiana na Julia Gardner wa Boston, dada wa kijana aliyekuja kumuoa. 1857 wakampeleka Italia, Milan wakaingia kwa Poldi Pezzoli, tajiri aliyekusanya sanaa za zamani akapanga vyumba vyake kila kimoja kikukumbushe zama fulani, na yule binti akasema siku akirithi hela na yeye atakuwa na nyumba kama ile, watu waje waione. Miaka 17 jamani! Sisi tulioko ugenini tunajua, kitu ulichokiona mbali na kwenu ukiwa mdogo hakikutoki.

1860 akaolewa na Jack Gardner akahamia Boston, baba mtu akawapa nyumba Beacon Street. 1863 akapata mtoto, Jackie, mtoto wao pekee, na 1865 nimonia ikamchukua hajatimiza hata miaka 2. Hapo nilishindwa kuendelea kusoma, maana mi wangu nilimuacha kwa bibi yake akiwa na umri huohuo. Mama wa watu akaumwa majonzi mpaka 1867 daktari akashauri asafiri, inasimuliwa alipandishwa melini kwenye godoro, wakazunguka Ulaya karibu mwaka mzima, Skandinavia na Urusi zikiwemo, akarudi na nguvu zake.

Watu wakimtaja wanaongelea utajiri, na ule wizi wa 1990 wa picha za makumbusho yake ulioacha fremu tupu ukutani. Ila urithi wa baba yake ulikuja 1891, ameshavuka miaka 50, na milango ya makumbusho ikafunguliwa 1903, yaani ile nyumba ya Milan aliibeba moyoni miaka zaidi ya 40.

Nilikaa pembeni ya ule ua wa ndani wenye maua na paa la vioo mpaka wakatangaza wanafunga. Nilipotoka nikapiga nyumbani, kule ilikuwa saa sita usiku, mama akamuamsha mwanangu tukaongea.