Uyoga wetu una majina mengi kuliko vielelezo

Fedha za utafiti wa kuvu Tanzania hufuata hasara. Mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani na maua kama unga, mkulima wa Mtwara anajua pa kuuliza: kituo cha utafiti cha Naliendele kimeushughulikia kwa miaka, na salfa ya unga inajulikana hadi kijijini. Sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka, nayo ilipata wasikilizaji baada ya 2016, mahindi yalipoua watu 20 Dodoma na Manyara. Kuvu isiyoharibu zao wala kuua mtu husubiri mgeni mwenye ufadhili.

Mgeni huyo aliwahi kuja, na kazi ikafanyika kweli. Miaka ya 1990, Marja Härkönen wa Ufini na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika uyoga unaoliwa pamoja na majina ya wenyeji. Termitomyces singidensis wa Singida ulipata jina la kisayansi 1994. Mwaka 2012 mtafiti Donatha Tibuhwa na wenzake walitenga jenasi (kundi la spishi zinazohusiana) ya Afrocantharellus kutoka jenasi ya uyoga ya Cantharellus. Wataalamu wengine wanairudisha ndani ya Cantharellus. Ubishi wa namna hiyo haumalizwi na picha ya simu. Unahitaji kielelezo, yaani uyoga wenyewe uliohifadhiwa kwa utafiti, kilichokaushwa vizuri, na hapo ndipo tumepwaya.

Chukua uyoga wa kichuguu, yaani Termitomyces. Wachumaji huuvunja usawa wa ardhi, kumbe shina linateremka kama mzizi mrefu hadi kwenye masega ya mchwa. Umbo la mzizi huo husaidia kutofautisha spishi, kwa hiyo chimba pembeni taratibu, uutoe mzima. Piga picha ungali mbichi. Andika harufu, rangi inayotokea ukiukata, miti iliyo jirani, na jina alilolitaja mwenyeji kwa lugha yake, si Kiswahili cha kukisia.

Kata kofia, ilaze kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli saa 6 hadi 12. Vijimbegu (spora) vitaanguka na kuacha unga; wa Termitomyces ni wa waridi. Ukiona kijani, shuku Chlorophyllum molybdites, na huo si wa kutia chunguni.

Kinachoharibu vielelezo vingi ni ukaushaji. Mfuko wa plastiki huuchemsha uyoga kabla hujafika nyumbani. Beba kwa karatasi. Jua la masika hukausha ngozi tu, ndani funza wanaendelea na karamu. Tumia hewa ya nyuzi 40 hadi 45 inayopita, mpaka kipande kikatike kama biskuti. Kabla ya hapo, weka kipande kama punje ya mahindi kwenye silika jeli kwa ajili ya vinasaba.

Maabara nayo ina mtego wake: ITS, sehemu ya vinasaba inayosomwa kutambua kuvu nyingi, ni ngumu kusoma kwenye Cantharellus. Omba isomwe jeni nyingine, tef1, tangu mwanzo, la sivyo utalipia majibu matupu.