Kiingereza cha Barafu

Shira, juu ya Mlima Kilimanjaro, ni kambi ya upepo. Jioni ile wageni walikuwa wameshakula na kuingia mahemani mwao, na sisi wapagazi tumejibana hema la jikoni tukiota joto la jiko la gesi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimebeba mizigo njia ya Machame misimu kadhaa, na shauku yangu ilikuwa moja tu: niwe kiongozi wa watalii.

Kiongozi wetu mkuu akaingia, akaketi juu ya ndoo. "Dogo, mgeni akikwambia I'm going to throw up, unafanya nini?"

Sikuwa na jibu, wala wenzangu.

"Anataka kutapika. Msogeze pembeni ya njia, mshikie begi, halafu niite."

Shuleni vitenzi hivi vya maneno mawili, kama throw up, tuliviona. Look after, look for, look into, vimepangwa ubaoni, unajaza nafasi zilizoachwa wazi, mtihani unapita navyo. Kutapika tulifundishwa vomit, kuzimia faint, kuendelea continue. Ni Kiingereza safi, na mgeni anakuelewa ukikitumia. Ila mgeni mwenyewe, baridi imemwingia na pumzi haitoshi, hasemi hivyo. Anasema throw up, pass out, carry on. Naamini mpaka leo kwamba vijana wetu wengi wanaonekana hawajui Kiingereza kumbe hawakuwahi kufundishwa kile watu wanachokiongea wakichoka, wakiumwa au wakiogopa.

Yule kiongozi mkuu, mzee wetu, alifundisha kwa nguo. Alinirushia koti lake: "Put it on." Nikavaa. "Zip it up." Nikapandisha zipu hadi kidevuni. "Take it off." Nikavua, na baridi ikanipata barabara. Kisha akageuza, sisi tukawa tunamwamuru yeye. Mmoja wetu akasema "take off them" akionyesha glavu, na mzee akakataa kata kata kuzivua. Ukitaja glavu zenyewe, alieleza, una uhuru: take off your gloves au take your gloves off, zote sawa. Ukiweka them, lazima ikae katikati: take them off. "Lakini msivikate vyote. Look after, kumtunza mtu, haikatwi. Look after her. Huyo her anasubiri mwisho." Put up ni kusimamisha hema, akaongeza, ila ikifuatwa na with ni kuvumilia, na mlimani mtu anahitaji zote mbili usiku mmoja.

Mpishi naye hakukubali kuachwa. "Mimi jiko nalizima vipi?"

"Turn it off. Put out ni ya moto wa kuni."

Siku zilizofuata nilitembea navyo, mzigo kichwani, midomo ikicheza. Lava Tower, mita 4,600, hold on (shikilia) na slow down (punguza mwendo). Ukuta wa Barranco, watch out (angalia, hatari). Nikiwapisha wageni njiani nilitega sikio zaidi ya nilivyotazama nilipokanyaga.

Kambi ya Barafu, kwenye mita 4,670 hivi, mzee aliniteua niende nao kileleni kama msaidizi. Tulianza kupanda kwenye saa sita usiku, taa za kichwani zimefuatana mstari mmoja. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na mama mmoja wa makamo, Mskoti, mtu wa maneno machache. Stella Point, ukingoni mwa kreta, ikiwa bado juu yetu, alisimama, akaegemea fimbo zake mbili, akasema kwa sauti ndogo: "I think I'm going to pass out."

Mkono wangu ulifika kwenye kiwiko chake kabla sijafikiri. Nikamketisha juu ya jiwe. "Sit down. Lean on me. Breathe in. Breathe out." Nikapaza sauti kumwita mzee. Akashuka, akambana kile kipimo cha oksijeni kidoleni, akamuuliza jina na siku, akamwomba apige hatua chache kwa mstari ulionyooka. Miguu ilipepesuka. Mzee hakubembeleza. "We turn back," akamwambia, na kwangu: "Mshushe pamoja na kiongozi msaidizi. Usimwachie mkono." Ugonjwa wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kushuka, hata kama kilele unakiona.

Alilia kidogo, kisha akaacha. Kwenye changarawe nilimtangulia nusu hatua: hold on to me, slow down, keep going. Tulipokaribia kambi alishusha pumzi ndefu akasema, "It's wearing off." Hicho sikuwa nimefundishwa, lakini uso wake ulikuwa umeshafunguka na macho yananitazama sawasawa. Nikajua kizunguzungu kinamwachia.

Mzee aliporudi kutoka kileleni na wale wengine, nilimweleza alivyoendelea, nikamtajia na hilo wear off. Akanisikiliza huku akifungua viatu.

"Na dawa ya kichwa nayo huwa inafanya hivyohivyo, ina-wear off," akasema. "Mgeni anameza vidonge, anajiona mzima, anaanza kupanda, baada ya saa chache vinaisha nguvu na kichwa kinarudi palepale. Kwa hiyo akikwambia I'm fine, usiridhike. Muulize kwanza amemeza nini, na saa ngapi."