Vijana wa benchi la nyuma: hatimaye mmoja ameongea

Jamani imekubali! Yule msichana wa benchi la nyuma, yule huingia maombi yakiwa yameshaanza ndio asisalimiwe, jana amemwambia mwenyekiti wa vijana mbele ya kwaya nzima aache kushika maiki vibaya. Na mwenyekiti akaacha.

Wenye hukaa na vijana wanajua shida iko wapi: ni lile duara. Tunapanga viti vya plastiki baada ya ibada, swali linazunguka, likifika kwa wale wapole unasikia tu "mimi naunga mkono aliyetangulia". Nikaleta karatasi, wakaandika vizuri sana alafu wakaomba mtu mwingine awasomee. Nikawagawa wawili wawili, mwenye mdomo akawa msemaji wa wote wawili. Grupu ya WhatsApp nayo sina imani nayo kabisa kwa hii kazi, wale wale waongeaji wa kanisani ndio wanaijaza stika na voisi, na kwa nyumba nyingi hapa Kaptembwo, Nakuru, simu ni ya mama, inaenda naye kazini, mtoto anaiona usiku mazungumzo yakiwa yameshapita zamani. Lakini chenye huniuma zaidi ni mtu mzima kusema "huyu ni mpole tu" na mtoto mwenyewe amesimama hapo anasikia.

Sasa fundi wetu wa sauti akapata kazi Naivasha, miksa, ile mashine ya kupanga sauti za maiki, ikabaki bila mtu. Nikamwomba huyu dada wa benchi la nyuma aikalie kwa sababu nilikuwa nimemwona akikunja waya za maiki bila kuambiwa, mizunguko sawasawa, bila kuzisokota kwenye kiwiko vile wengi hufanya.

Na kuna ule mlio wa spika, wiiiii, umetusumbua sana. Kanisa ni la mabati, sauti inagonga juu na kurudi, na siku ya mazoezi ni mbaya zaidi kwa sababu ukumbi ni mtupu, hakuna miili ya watu ya kuimeza. Dawa ya kila mtu ilikuwa kupunguza sauti, kwaya inalalamika haijisikii, unaongeza, mlio unarudi. Yeye akakaa kimya akiangalia, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akaona mlio hauji kwa kila mtu, unakuja mwenyekiti akiimba, kwa sababu yeye hufunika kichwa cha maiki na kiganja kama wasanii wa rap. Zile maiki zetu, aina ya SM58, zimetengenezwa zisikie mbele na nyuma zisisikie sana, ukifunika ule wavu hiyo kinga inaharibika, inaanza kuokota spika. Basi akatoka kwa miksa, akatembea mpaka mbele, kasauti kadogo lakini maiki ilikuwa imewashwa kwa hivyo sote tulisikia: "Kaka, shika hapa chini kwa mpini. Na hii monita ikae nyuma ya maiki, isikae kando." Monita ndio ile spika ya waimbaji kujisikia. Mlio kwisha. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwa mkoba, machozi yalikuwa karibu.

Duara linamuuliza kijana unajisikiaje, miksa inamuuliza ni nini kimeharibika, na hilo la pili mwenye haya anaweza kulijibu.

Nilikuwa nimepanga shule zikifunga Agosti tupande mlima Menengai, kila kijana na mlezi wake, orodha iko tayari, lakini kwa sasa naiweka kando. Nataka turekodi wazee wa kanisa wakisimulia vile walianza, vijana wapole ndio waulize maswali, na msinishawishi ninunue mashine, simu ya kawaida na maiki ndogo ya kubana kwa shati inatosha, bora mkae mbali na barabara ya matatu. Kuna kijana wa bodaboda ameshaniuliza kama anaweza kubeba vifaa, na huyo tangu ajiunge nasi nilikuwa sijasikia sauti yake.

Chenye natafuta sasa ni mzazi mmoja wa kukaa nasi kila Jumamosi, maana siwezi kubaki na mtoto mmoja peke yetu kwa ukumbi, na ikifika saa kumi na moja nataka wote wawe wameshapanda gari.