Skrini ya buluu saa saba mchana: kumbukumbu ya mradi wangu, Kisumu

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimeitwa kwa meneja kabla sijanywa chai. Ofisi yetu ni ya chama cha akiba na mikopo, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street, na mimi ndiye "kijana wa kompyuta", peke yangu. Laptopu ziko 14, zote za mtumba kutoka Uingereza, za aina moja. Tano zinaanguka. Skrini inageuka buluu, inatokea ile sura ya huzuni, kisha mashine inajiwasha upya na kazi yote ambayo haikuhifadhiwa imekwenda na maji.

"Si hii ni ile virusi iliyozuia ndege mwaka ule?" Madam ameniuliza. Alikuwa anakumbuka 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani. Nimemjibu kwamba ile haikuwa virusi, na sisi programu hiyo hatuna. Hakuridhika sana.

Wengine wote wanasema ni stima. Ni kweli, mawingu yakitanda upande wa milima ya Nandi jioni, taa zetu huanza kucheza. Lakini stima ikipotea na betri ikiwa imekufa, laptopu huzimika tu kama mshumaa. Haipati hata nafasi ya kuchora skrini ya buluu. Stima nimeiweka kando, ingawa nimebaki peke yangu na msimamo huo.

Jumanne

Windows ikianguka huacha barua, faili dogo la .dmp ndani ya C:\Windows\Minidump. Nimefungua folda hiyo kwenye mashine zote 5. Nne ni tupu kabisa.

Nilidhani kuna programu ya usafi inayofuta, kumbe ni mkono wa mtu. Fundi aliyenitangulia alizima pagefile, lile faili la diski ambalo Windows hulitumia kama memori ya akiba, kwenye laptopu zote za kaunta, nadhani kwa ile imani kwamba diski ya SSD itadumu zaidi. Tatizo ni kwamba Windows, wakati inaanguka, humwaga yaliyomo kwenye memori ndani ya pagefile hiyohiyo kwanza, halafu ikiwaka tena ndipo hutengeneza faili la .dmp. Ukiizima, hakuna pa kumwaga. Kwa miezi yote hiyo mashine zetu zimekuwa zikifa bila wosia.

Nimeirudisha, nikachagua dampo dogo, na nikaondoa ile tiki ya kujiwasha upya ili skrini ibaki mpaka mtu aione. Nikapita kaunta zote: ukiona ya buluu, usiguse kitu, ipige picha na simu yako.

Jumatano

Siku ya daftari.

Mama wa kaunta ya 2 ameniita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu kaa hapa nikuonyeshe kitu." Akatoa kwenye droo daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani amepiga mistari kwa rula: siku, saa, kilichopotea. Jumanne 8:10, fomu ya mkopo. Alhamisi 8:05, hesabu ya asubuhi yote. Mara 11 katika wiki sita. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, neno moja: "mlinzi?" Alikuwa anamshuku jaduong', yaani mzee, wa langoni kwamba huingia wakati wa chakula, akachomoa mashine ili achaji simu yake.

Nimechukua tarehe zake nikaenda nazo Event Viewer, daftari la Windows la matukio, kutafuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Hilo 41 watu hulipa heshima lisilostahili. Linakwambia tu kwamba mashine imewaka bila kuwa ilizimwa vizuri, jambo ambalo tayari unalijua. Lakini lina saa, na saa ndiyo niliyoitaka. Nikatafuta 8:10 asubuhi. Hakuna. Siku nyingine, hakuna. Karibu nusu saa nzima nilikuwa naanza kuamini mama anaota, ndipo nikakumbuka: mama ni mzaliwa wa Mombasa, Nyakach ameolewa tu, na saa zake ni za Kiswahili. Saa nane na dakika kumi!

Nikaenda 14:10. Bado hakuna. Nikapandisha macho kidogo: 13:13, ipo. Alhamisi: 13:11, ipo. Yeye aliandika saa aliyorudi kutoka chakulani akakuta mambo yameharibika. Mashine yenyewe ilikuwa imeanguka karibu saa nzima kabla, kiti kikiwa kitupu.

Kwa hiyo hakuna aliyebonyeza kitu. Hilo limeniondolea nusu ya dhana nilizokuwa nazo: programu ya hesabu, printa, hata tabia ya mtu fulani ya kufungua kurasa 40 za intaneti kwa mpigo.

Ndani ya maelezo ya 41 kuna kimstari kinachoitwa BugcheckCode, na mashine 4 zimeandika 159. Namba hiyo iko kwa desimali. Igeuze iwe heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, unapata 9F, na 9F ni DRIVER_POWER_STATE_FAILURE: draiva fulani, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, imeambiwa ilale au iamke, ikanyamaza, na Windows ikangoja mpaka ikachoka. Mashine ya tano, ya karani wa mikopo, haina 159 hata moja. Ina 26, yaani 1A, MEMORY_MANAGEMENT. Ni magonjwa mawili ambayo tumekuwa tukiyaita jina moja kwa sababu yana rangi moja.

Ijumaa

Picha ya kwanza imefika kwa WhatsApp, saa nane kasoro, kutoka kaunta ya 3. Na faili la .dmp lipo.

Nilianza na BlueScreenView, programu ya kusomea faili za .dmp, kwa sababu ni nyepesi. Ikanionyesha ntoskrnl.exe. Hapa ndipo wengi hupotea, nami niliwahi kupotea, nikaisakinisha Windows upya mara mbili kwa ajili ya jina hilo. Ntoskrnl ni kiini cha Windows chenyewe. Ndicho kilichopiga kamsa, na aliyepiga kamsa si lazima awe mwizi.

Nikafungua WinDbg, chombo cha Microsoft cha kuchunguza mianguko, nikaandika !analyze -v. Kwa 9F, parameta ya kwanza (namba ya maelezo inayoandamana na kosa) ikiwa 3, maana yake kuna kifaa kimelishikilia ombi la umeme kupita muda, na parameta ya nne ni anwani ya ombi lenyewe. Nikainakili anwani hiyo, nikaandika !irp mbele yake, nikabonyeza Enter. Mistari ikashuka, na katikati yake likasimama jina la draiva ya adapta ya USB ya mtandao.

Nikainua kichwa nikatazama kaunta. Laptopu hizi ni nyembamba, hazina tundu la kebo ya mtandao, na programu ya hesabu inaishi kwenye seva ya chumba cha nyuma. Kwa hiyo kuna mtu aliwahi kununua adapta 6, nyeupe, zisizo na jina la maana, kila moja na kisidii chake cha draiva. Laptopu zenyewe hazina hata pa kukiingiza hicho kisidii. Draiva iliyopo ni ya 2015.

Wiki ya 2, Jumatatu

Kitu kimoja kimeninyima usingizi Jumapili. Adapta ni 6, mashine zinazoanguka kwa 9F ni 4. Hizo mbili nyingine zina kinga gani?

Kijana wa kaunta ya 5 hubeba chakula kutoka nyumbani. Hula palepale, omena na ugali, laptopu ikiwa wazi mbele yake na mpira ukiendelea. Hafungi kifuniko kama wengine wanaotoka kwenda kula. Mashine yake hailali mchana.

Dada wa kaunta ya 6 nilimuuliza kama yake imewahi kuanguka. "Hapana. Yangu haijawahi kuwa buluu," akasema. "Huwa inakuwa nyeusi." Mara ngapi? "Karibu kila siku. Lakini wewe ulisema tukuambie ya buluu."

Yake ndiyo mashine moja niliyokwisha kuihamishia Windows 11. Kuanzia 2025, toleo la 24H2 limeibadilisha skrini hiyo: nyeusi, bila sura ya huzuni. Nilijua. Nilisoma habari hiyo ilipotoka, na bado nikapita kaunta zote nikitangaza rangi. Nimeandika tangazo jipya: mashine ikijizima au ikijiwasha yenyewe, rangi yoyote, niite.

Jumamosi

Ofisi imefungwa, kwa hiyo ni siku ya majaribio. Sitaki kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja halafu nisijue kilichoponya.

Nimechukua mashine ya kijana wa kaunta ya 5, ile yenye afya. Nikaanza kunakili faili kubwa kutoka seva, nikafunga kifuniko, nikangoja. Mara ya tatu ikaanguka. 9F. Samahani kijana, lakini sasa najua.

Kisha mashine ya kaunta ya 2. Nilianza na dawa ambayo kila fundi huitaja kwanza: Device Manager, adapta, Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Funga, ngoja, fungua. Mara 10, ikaanguka mara 2. Inapunguza, haiponyi. Nikairudisha tiki ilivyokuwa, nikaondoa draiva ya zamani pamoja na faili zake, nikaweka mpya kutoka kwa watengenezaji wa chipu iliyo ndani ya adapta, si kutoka kwa aliyebandika kasha jeupe. Mara 20, sifuri. Mlinzi alikuja mara mbili kuuliza kama niko sawa, maana aliona mtu anafunga na kufungua laptopu mchana kutwa kama anapepea jiko. Sikumwambia kwamba jina lake lilikuwa kwenye daftari.

Draiva mpya imeingia kwenye mashine zote 6. Fast Startup, ile hali ambayo ukizima Windows hailali kabisa bali huhifadhi sehemu yake ili iwake haraka, nimeizima pia, si kwa sababu ina hatia hapa, ni kwa sababu nikisema "zima uwashe" nataka mashine izimike kweli.

Wiki ya 3

Ile ya karani wa mikopo, 1A. Kipimo cha memori cha Windows chenyewe kilisema hakuna kosa. Sikukiamini. Nikaiacha na MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye flashi usiku kucha, na asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Kuna vipande viwili vya RAM, yaani memori, kwa hiyo unapima kimoja kimoja, halafu unavibadilishia tundu, ili ujue kama mgonjwa ni kipande au ni tundu. Makosa yalikifuata kipande kila kilipohamia.

Nilipoifungua nilikuta feni imezibwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi kutoka Victoria na kujaa kwenye kila taa. Walikuwa wamekauka wakawa unga wa kijivu. Huyu karani huenda ufuo wa Dunga kila wiki kuwafuata wanachama wavuvi, na laptopu anaifungua palepale chini ya taa. Sijui niseme wadudu ndio waliokichoma kipande. Ushahidi huo sina. Nimesafisha kwa brashi, nikaweka RAM nyingine iliyotoka Nairobi kwa basi la usiku, na nikaipima nayo usiku kucha kabla ya kumrudishia.

Wiki ya 5

Hakuna 159 mpya kwenye mashine yoyote. Hakuna 26. Madam ameuliza kama adapta zinunuliwe upya, nikamwambia zile zile zinatosha kwa sasa, pesa hiyo aniwekee RAM. Windows 10 ilikatiwa usaidizi 14 Oktoba 2025, na bado nina mashine 13 za kuhamisha.

Mama wa kaunta ya 2 hajaacha kuandika. Leo nilipopita daftari lilikuwa wazi. Jumatatu 8:00, ipo. Jumanne 8:05, ipo. Nikarudisha kurasa nyuma kidogo, na lile neno jekundu la pembeni amelipiga mstari, tena kwa rula.