Kujifunza Kifaransa Ukubwani Hapa Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu anaweza kununua, kuuza, kusali na hata kugombana kwa Kiswahili siku nzima, lakini akiingia ofisini hukuta karatasi zote kwa Kifaransa, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiciluba zikiwa lugha za taifa.

Kilichonisaidia kuliko masomo yote ya jioni ni Radio Okapi, inayotangaza tangu mwaka 2002 kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Nilisikiliza habari kwanza kwa Kiswahili ili nijue kisa chenyewe, kisha kwa Kifaransa, nikirudia kwa sauti maneno ya mtangazaji huku nikichambua maharagwe.

Jinsia ya nomino, yaani kila nomino kuwa ya kike au ya kiume, ndiyo iliyonitesa. Sisi tumezoea upatanisho, kwani tunasema kiti kizuri na viti vizuri bila kufikiri. Shida ni kwamba umbo la nomino ya Kifaransa mara nyingi halionyeshi jinsia yake, hivyo nilikariri kila moja pamoja na kitangulizi chake: la table (meza, ya kike), le marché (soko, ya kiume).

Kuzungumza kulihitaji mtu. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, huko Kadutu hapa mjini, ukimwanza kwa Kifaransa, hukujibu kwa Kiswahili (na ana haki yake), kwa hiyo nilipatana na mzee jirani, mwalimu mstaafu, tuongee Kifaransa tu tunapotoka misani. Siku hizi hanikatizi sana, na ubishi wetu kuhusu bei ya makaa hutufikisha hadi mlangoni kwake.